Mkwe Wangu Mlisha Kansa

Mwanangu ni fundi friji. Siku moja aliitwa kwenye jengo la utafiti, lile lililo nyuma ya hospitali kubwa, friji lao limegoma kugandisha. Akalitengeneza. Kesho yake akarudi kulikagua. Wiki iliyofuata akarudi tena kulikagua, na nyingine tena, mpaka nikamwambia, baba, friji gani hilo linalotaka kujuliwa hali kila mara kama mgonjwa. Kumbe friji lina mwenyewe. Akaniletea nyumbani msichana mwembamba, sauti ya chini, mikono imekauka na kuchubuka kama ya mtu anayeosha masufuria ya hoteli.

Nikamuuliza anafanya kazi gani.

"Nalisha seli, mama."

"Ndio wanyama gani hao?"

"Si wanyama. Ni chembe za mwili wa mtu, ndogo sana, jicho haliwezi kuziona. Nyingi ninazozilea ni za kansa. Nazipa chakula, naziweka kwenye joto, chupa ikijaa nazigawa."

Nikamtazama mwanangu. Mwanangu akatazama dari.

"Yaani wenzio wanaomba Mungu kansa ife," nikasema, "wewe unaiwekea sahani."

"Ndiyo, mama. Tusipoijua inavyokula hatutajua kuiua."

Sikumpenda. Nilimwambia mwanangu, wanawake wote waliopo, washonaji, wauzaji, walimu wa watoto wadogo, wewe umekwenda kuniokotea yaya wa kansa. Mtaani walipopata habari wakamwita Mama Chupa, na wapo waliokataa kumpa mkono, eti itawarukia. Mimi mkono nilimpa. Halafu nikanawa, na sioni kwa nini nisingenawa.

Sasa nataka kumsema mtu huyu vizuri, maana kwa ubaya nimeshamsema vya kutosha.

Mimi nilikuwa dobi. Nilipiga pasi kwenye nyumba ya wageni tangu sijaolewa mpaka kifundo cha mkono kikakataa. Shule niliishia pale nilipojua kusoma jina la mtu kwenye kola ya shati. Lakini mkono uliofundwa naujua nikiuona, na siku aliponipeleka kuona kazi yake nilikaa kwenye kiti cha pembeni, nikavalishwa koti jeupe na kofia ya karatasi, nikaona mkono.

Chumba kidogo, baridi kama duka la nyama, kinanuka spiriti. Kuna kabati lenye milango miwili, wa chuma nje na wa kioo ndani, na humo joto ni lile la mwili wa mtu, halizidi halipungui. Chupa zake ni bapa, zinalazwa kwa ubavu, na ndani mna maji mekundu mepesi kama sharubati iliyotiwa maji mengi. Hicho ndicho chakula. Mkwe wangu akajipuliza spiriti kwenye glavu, akaanza. Kiwiko hakigusi meza. Kifuniko hakilali chali. Chupa ikiwa wazi hapitishi mkono juu yake, wala hasemi. Nilimuuliza kitu katikati akanyamaza kama kiziwi, mpaka alipofunga chupa ndipo akasema, "Samahani, mama, ulisemaje?" Nikajua huyu si wa kubabaisha.

Na alikuwa na utaratibu wake. Chupa zote anazitoa kabatini kwa mara moja, anazipanga mezani mstari, anafunga mlango. Hapendi mlango ufunguliwe fungu fungu, eti kila ukifungua joto linatoka na waliobaki ndani wanapigwa na baridi. Halafu anahudumia seli nzima kwanza, zile za watu wasioumwa. Za kansa mwisho.

"Kwa nini mwisho? Ni adhabu?"

"Hapana, mama. Zina ujeuri. Tone lake moja likirukia chupa ya jirani, ukija kutazama baadaye chupa nzima ni ukoo wake. Ndiyo sheria ya huku, wapole kwanza, wakali mwisho."

Nikaona sheria nzuri. Hata mimi nguo nyeupe nilikuwa nafua kwanza.

Kitu walichokuwa wanakitafuta alinieleza nyumbani, mimi nanyoosha nguo zangu, yeye anamenya viazi.

"Mama, shati likitoka kwenye kamba limekunjamana, unafanyaje?"

"Nalinyoosha, nalikunja. Swali gani hilo?"

"Basi ndani ya seli nako kuna vitu vingi vimekunjwa, kila kimoja na mkunjo wake. Mkunjo ukifumuka, hakifanyi kazi tena. Na vinafumuka upesi. Joto likizidi vinafumuka, baridi ikizidi hivyohivyo, njaa, sumu, kukosa hewa. Sasa seli ina madobi wake. Shida ikiingia tu wanaitwa, wanakuja mbio, wanakunja upya, kilichoharibika kabisa wanakitupa nje. Shida ikipita wanakwenda kupumzika."

"Na kansa?"

"Kansa haina siku ya kupumzika. Inakua haraka kuliko chakula chake, imebanana, hewa haitoshi, vurugu yake inajiletea yenyewe. Madobi wake hawakai chini. Ndio wanaoifanya ivumilie hata dawa. Sisi tunatafuta dawa ya kuwafunga mikono hao madobi. Seli nzima itastahimili, maana shida zake ni za leo na kesho. Kansa itazama kwenye nguo zake chafu."

Nikaweka pasi chini. "Kumbe mpaka kansa haiwezi kuishi bila dobi."

"Haiwezi, mama."

"Na dunia nzima hakuna anayemwamkia."

Akacheka mpaka akajikata kidole. Tangu siku hiyo tukawa tunaongea.

Binti yangu ni msusi. Ninaye huyo mmoja tu wa kike. Alikuwa na kivimbe kwenye titi, akakiita jipu, akakibandika majani ya chai, mpaka aliyekigusa na kukitambua akawa wifi yake, huyuhuyu yaya wa kansa, na yeye ndiye aliyemkokota hospitali. Wakampasua wakakitoa, wakampa dawa ya dripu. Nywele zikaondoka zote. Akakaa kibarazani kwake kichwa kinang'aa, anasuka wenzake, akiulizwa anajibu, "Mpishi mzuri ukimkuta amenenepa si utasema anakula vya wateja? Mimi nimewaachia wateja."

Dawa ilifanya kazi, halafu ikaacha kufanya. Uvimbe ukatokea pengine, chini ya mbavu. Daktari akasema kansa imeizoea dawa. Mkwe wangu akaniambia pembeni, madobi wamezoea lile doa.

Wakati huohuo kule maabara mambo yalikuwa mazuri kupita kiasi. Ile dawa ya kufunga madobi mikono ilikuwa inaangusha kansa chupa kwa chupa, na seli nzima zimetulia tu. Kazi yote hiyo ilipita kwenye mikono ya mkwe wangu. Mkubwa wao, mwanamama mrefu wanayemwita Profesa, akakaa na madaktari wa hospitali, wakakubaliana wajaribu kwa wagonjwa wachache ambao dawa nyingine zimewashinda. Jina la binti yangu likaingia. Wiki chache tu aanze. Nyumbani tukaanza kusema "akipona" badala ya "kama".

Basi binti yangu akazidiwa kidogo, homa za kuja na kwenda, nikamhamishia kwangu, mkwe wangu akaomba ruhusa kazini, akakaa naye siku kadhaa. Nafasi yake akashikiwa na mwanamke mmoja mpya, mtu mzima, mzito wa mwendo, wenzake wakamwita Polepole. Na Polepole alipolisha yeye, kansa ikakataa kufa. Zingine zilikufa, lakini si kama zamani. Maneno yakaanza. Polepole kaharibu dawa, Polepole kachanganya chupa, Polepole arudishwe kuosha vyombo vya maabara alikotoka.

Mkwe wangu aliporudi kazini akasimama nyuma yake kumtazama. Mwenzake anatoa chupa moja, anailisha, anairudisha kabatini, anafunga, ndipo anafuata nyingine. Mkwe wangu akamwambia, "Dada, unawapiga waliobaki ndani baridi kwa kufungua mlango hivyo. Njoo nikuonyeshe." Akazitoa zote, akapanga mstari, wapole kwanza, wakali mwisho. Akamwelekeza hatua kwa hatua, bila haraka, kama mtu anayefundisha. Alipofika kwenye chupa ya mwisho, ya kansa, akaibeba kwa kiganja, na hapo akaacha kufundisha. Chupa ilikuwa baridi kama glasi ya maji.

Hayo alinisimulia mwenyewe jioni ile, jikoni, hajavua hata viatu.

"Mama, ile dawa haiui kama tulivyosema."

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi. Baridi ndiyo iliyokuwa inasaidia kuua, na baridi nimeileta mimi. Za kansa zilikuwa zinangoja mezani mpaka zinapoa. Zile zisizo na dawa zikipoa, madobi wao wapo, wanazirekebisha. Zenye dawa madobi wamefungwa mikono, zinapoa, zinafumuka, zinakufa. Seli nzima hazikuwahi kupoa kwa sababu nilizihudumia kwanza. Polepole hakukosea kitu."

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi tumeshakuwa wengi. Nyamaza."

Akanitazama.

"Mama, kansa iliyo ndani ya wifi hakuna atakayeitoa kuiweka mezani ipoe."

"Ukisema watasimamisha?"

"Watasimamisha."

"Wataanza lini tena?"

"Sijui."

"Na wifi yako atakuwepo?"

Akatazama viatu vyake. Halafu akasema, "Sijui, mama."

"Basi kama hujui, nyamaza. Wewe mwenyewe umesema inaua kidogo. Kidogo si bure. Mwache mwanangu apate hicho kidogo."

"Na kama inaumiza pia? Hatujawahi kuona seli nzima ikipata shida huku ina dawa. Hatujui itafanyaje. Na Polepole wanamfukuza."

"Mwache afukuzwe, atapata kazi nyingine. Mimi binti mwingine sipati."

Hayo niliyasema, na ukinirudisha jikoni pale leo nitayasema yaleyale. Mama ndivyo alivyo. Anayesema yeye angesema vingine, hajazaa, au amezaa wengi mno.

Mkwe wangu akavua viatu, akavipanga ukutani. "Nitamwambia wifi kwanza. Mwili ni wake."

Nikamfuata na trei ya chai, nikabaki nje ya mlango wa chumba. Sikujificha, mikono ilikuwa imejaa.

"Wifi, nimekuja kukuharibia siku."

"Uliniharibia tangu ulipomchukua kaka yangu," binti yangu akasema. "Alikuwa ananibebea maji. Haya, harakisha."

Akamwambia yote. Hakupunguza, hakupaka asali. Nikasikia kitanda kinalia, binti yangu anajiinua.

"Kwa hiyo ni uongo."

"Si uongo. Ni kweli nusu."

"Nusu ipi?"

"Ndiyo nisiyoijua. Nataka nirudie kazi yote."

"Na mimi nikiwa nangoja."

"Na wewe ukiwa unangoja."

"Umekuja kuniomba ruhusa?"

"Nimekuja kukwambia. Usije ukasikia kwa watu."

"Na nikikukatalia?"

Nikangoja na trei yangu. 

"Nitasema tu, wifi. Lakini nitakuwa nimekutazama usoni kwanza."

Nikasikia pua inapengwa, nikadhani wanalia. Halafu binti yangu akasema, "Una roho ngumu wewe mwanamke."

"Ndiyo, wifi."

"Njoo unikune mgongo, mkono haufiki." Akawa anakunwa, anaongea taratibu. "Mimi nikikosea mstari katikati ya kichwa, nafumua. Mteja haoni, kioo hakimfikishi huko nyuma. Nafumua huku nimekasirika, vidole vinauma, lakini nafumua. Nenda kafumue. Ila usije hapa kuniambia pole, nitakutupia kikombe."

Mimi nikaweka trei sakafuni, nikaenda zangu. Tangu hapo sikusema na mkwe wangu. Chai namimina ya watu wote, yake ajimiminie. Nikitaka jambo namwambia mwanangu, "Mwambie mkeo aanue nguo," na mkewe amesimama palepale ameshika beseni. Anaanua. "Mwambie mama nimeanua." Mwanangu akawa kama simu ya mezani.

Yaliyotokea maabara nilikuja kusimuliwa na Polepole mwenyewe, alipokuja kumjulia hali binti yangu, na kwa jinsi anavyoongea chai ilipoa mara mbili. Anasema mkwe wangu alisimama mbele ya watu wote wa chumba kile, asubuhi, kabla hata ya kuvaa koti. Akasema kosa si la dada huyu, ni langu, na akaeleza lilivyo. Watu wakaanza kuguna. Profesa akauliza, "Kwa nini hukuniambia juzi, kabla sijakaa na madaktari?"

"Juzi sikuwa najua."

Profesa akatoka, akasimama kwenye korido amewapa mgongo. Miaka ya kazi ile, wagonjwa wameshaahidiwa, na yeye ndiye aliyeahidi. Mtu mwingine angerudi na kelele. Yeye alirudi, akavua saa, akavaa glavu, akasema, "Nionyeshe." Mkwe wangu akapanga mstari kama kawaida yake, akahudumia wote, na Profesa akapokea ile chupa ya mwisho kwa kiganja chake. Akaishika kidogo.

"Mimi ndiye niliyekufundisha wakali mwisho," akasema. "Tunaanza upya. Na utarudia wewe."

Wengine hawakupenda. Walimvua usimamizi wa chumba, akapewa mwingine, na mkwe wangu akaendelea kusafisha alipochafua bila kununa. Nilisikia kuna aliyemwambia, "Ungenyamaza ungekuwa bosi," akamjibu, "Bosi wa nini?" Basi.

Alivyorudia kazi ile ndipo na mimi, kwa hasira zangu zote, nilipoanza kumtazama tena. Alimwomba Polepole azibe majina ya chupa kwa karatasi, ili yeye anayelisha asijue huyu ni mpole au mkali, huyu ana dawa au hana. Kila chupa ikitoka kabatini inatoka peke yake. Siku nyingine wanaanzia kulia, siku nyingine kushoto, kwa kura. Na alichokifanya zaidi, alizichukua seli nzima, zile alizokuwa akizipendelea kuliko zote, akaziweka mezani kwa makusudi zipoe zikiwa na dawa. Polepole anasema siku hiyo alikuwa anazitazama kama mtu aliyefungia mtoto nje.

Jioni alirudi nyumbani, akakaa mezani, akamwambia mwanangu, "Mwambie mama, seli nzima nazo zimeanguka."

"Mwambie mkeo maana yake nini."

"Maana yake, mama," akasema yeye mwenyewe, amechoka na simu, "mtu akipewa ile dawa mwili wake uko kwenye shida, homa kali kwa mfano, inaweza kumvunja yeye pamoja na kansa. Tungewapa vile tulivyopanga, tungeua."

Nilikuwa nakunja mashuka, nikakunja.

"Na lingine. Dawa peke yake inaipunguza kansa, haiiangushi. Inataka shida kidogo juu yake, kama ile baridi. Tumejaribu kuweka na ile dawa ya zamani ya wifi, kidogo tu, ndiyo iwe shida yenyewe. Madobi wamefungwa, doa linaingia, hakuna wa kufua. Zimeanguka, na hakuna chupa iliyopoa."

Nikamwambia mwanangu, "Muulize mkeo amekula."

Lakini madaktari hawaendi kwa mwendo wa jikoni. Ilibidi mpango uandikwe upya, upitishwe upya, wakubwa wakae wasikilizane. Miezi ikaenda. Binti yangu akapungua mpaka pete ikawa inavaliwa kwenye dole gumba. Akaacha kusuka, vidole vimekosa nguvu. Na yule aliyemcheleweshea dawa, akitoka kazini kila jioni, anavua viatu, anavipanga ukutani, anakwenda kumwogesha. Nilikuwa nawasikia humo bafuni wanatukanana.

"Wifi, hayo maji ya kunyonyolea kuku?"

"Kuku ana nyama, wifi. Geuka."

Sijui mtu anawezaje kumwogesha mtu aliyemfanyia vile. Sijui pia mtu anawezaje kucheka akiogeshwa. Mimi nilikuwa nakaa barazani nawakasirikia wote wawili.

Siku ikafika. Tukaenda hospitali watatu, mimi nimeshika mfuko wa khanga, mkwe wangu amemshika wifi yake kwapani. Tumefika mlangoni pa chumba cha dripu, nesi akampima joto. Akapima tena. Akasema, "Ana homa. Leo hapana. Arudi homa ikiisha."

Nikamwambia, "Mwanangu, huyu amengoja mpaka amebaki macho. Homa hiyo ni ya jua la njiani."

"Siwezi, mama. Ni sheria ya dawa hii, mwenye homa hapewi."

"Nani kaitunga sheria hiyo? Niletee nimwone."

Nesi akasema, "Imetoka maabara, mama."

Na mkwe wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akasema, "Ni mimi."

Nilikuwa nimeshamsahau, nakwambia kweli. Nikageuka nikamtazama. Uso ulikuwa umemshuka kama nguo iliyoanguka kwenye kamba, na hakuwa amemwachia wifi yake. Angeweza kumwambia nesi neno moja pale, wanajuana, wanakula chakula cha mchana benchi moja. Nesi alikuwa anamtazama yeye, anangoja. Mimi nilikuwa namtazama yeye, nangoja. Akatikisa kichwa.

Binti yangu akaegemea ukuta, akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiye na pumzi. "Wifi, hata dirisha dogo hukuacha kwa ajili ya ndugu?"

"Ningeacha, ungepita wewe wa kwanza."

"Ningepita mbio."

"Najua. Twende nyumbani."

Tukarudi. Daktari akasema ni maambukizi kwenye kifua, akapewa vidonge. Mkwe wangu akawa anampangusa kwa kitambaa cha maji, anampima, anampangusa, ameomba ruhusa tena kazini, na safari hii Polepole ndiye aliyekuwa anashika chumba vizuri. Homa ikakaa, ikakaa, mimi nikawa siwezi hata kumtukana mtu. Halafu asubuhi moja binti yangu akaamka anataka supu, na paji la uso limepoa.

Tukarudi mlangoni kwa nesi. Akapima. Akapima tena. Akafungua mlango.

Dawa yenyewe ukiiona haina maajabu, maji tu kwenye mfuko, yanashuka tone kwa tone. Mkwe wangu alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, akayatazama yale matone kama anayajua kila moja na ukoo wake. Nikamsogelea. Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye mdomo kwa sikio tangu jikoni kule.

"Itafanya kazi?"

"Kwenye chupa imefanya, mama. Kwa mtu sijui bado."

Nilitaka aseme ndiyo. Mtu yeyote angesema ndiyo, hata mganga wa uongo anajua kusema ndiyo. Nikampa chai yangu akanywa.

Baada ya dripu kadhaa wakampiga picha ya mbavu. Daktari akaitundika kwenye taa, akasema, uvimbe umesimama. Haujaisha, lakini haukui. Tukauliza utasimama mpaka lini, akasema tutazidi kutazama. Ndiyo mpaka sasa, tunatazama. Binti yangu ameanza tena kusuka, kwa kukaa kwenye kiti, kichwa kimoja kwa siku, akichoka anamwacha mteja na nusu kichwa anamwambia arudi kesho, na wanarudi. Wapo wanaoniambia, unaona, mkwe wako alimwokoa, angepewa wakati ule na homa zake zile angekufa. Wapo wanaosema angewahishiwa uvimbe ungekuwa mdogo, pengine ungeisha. Wote hao hawajui, na mimi sijui. Ninachojua ni ile miezi, na ile pete kwenye dole gumba. Sijamsamehe. Namwambia hivyo usoni, anasema, "Sawa, mama," ananiletea mto wa mgongo.

Juzi alikuja mwanamke kibarazani kwa binti yangu, si kusukwa. Amefunga kitambaa kichwani, najua kilichoko chini ya kitambaa. Na yeye ameambiwa aingie kwenye dawa hiyohiyo. Akazunguka, akazunguka, mwisho akaniuliza mimi.

"Bibi, hao watu wa kule wanasema kweli? Maana kila mtu ananiambia nitapona."

"Anayekwambia utapona mkimbie," nikamwambia. "Nenda nyuma ya hospitali, jengo lenye mafriji. Muulizie mwembamba mmoja, mikono imechubuka. Muulize lolote unalotaka. Akikwambia hajui, basi hakuna anayejua. Akikwambia ndiyo, funga mzigo uende."

"Nimwambie nani kanituma?"

"Usimwambie. Sema umepita tu."